Moshi wa Jikoni na Neno la Majaaliwa



Mtu apatwapo na msiba, husema: "Ndivyo alivyoandikiwa." Neno hili ni la imani, wala hatulipingi. Lakini yatupasa kujiuliza: je, kila tulisemapo, twalisema kwa kumtegemea Mwenyezi Mungu, au twalisema ili tupate kukaa kitako?

Tutazame mfano mmoja wa Nairobi. Upande wa mashariki wa mji huo, ambako wengi wetu tuna jamaa katika mitaa ya Pumwani na Eastleigh, kuna pia makazi ya Mukuru, kando ya viwanda. Nyumba nyingi huko ni za mabati, tena chumba kimoja: humo watu hulala, na humo hupika. Huko ndiko alikokulia Charlot Magayi, mwanamke kijana aliyekuwa akiuza mkaa ili apate riziki. Mkaa uliomlisha ndio uliomtesa, kwani yeye na binti yake waliugua vifua mara kwa mara kwa ajili ya moshi. Kisha, mwaka 2012, binti huyo akaungua vibaya kwa jiko la mkaa.

Angeweza kusema neno lile, akanyamaza. Yeye akauliza: jiko lenyewe lina kasoro gani? Akatafuta namna ya jiko lililo salama zaidi, na mwaka 2017 akaanzisha kampuni ya Mukuru Clean Stoves, ambayo wafanyakazi wake wengi ni wanawake. Majiko hayo huundwa kwa vyuma chakavu, na huwashwa kwa makaa yaliyotengenezwa kwa mkaa, mbao na miwa. Uchafu wa moshi wake umetajwa kuwa pungufu kwa asilimia 90 kuliko ule wa moto wa kuni wa mafigani. Mwaka 2022, jiko lilipokuwa likiuzwa kwa kiasi cha dola 10 za Marekani, alipata tuzo ya Earthshot, yenye pauni milioni 1.

Ama tuzo siyo hoja yetu. Hoja yetu ni kwamba jiko hilo halikungoja muujiza. Vyuma vilikuwapo, na miwa ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kukataa kuuzoea moshi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Je, twathubutu kusema kuwa hao wote waliandikiwa tu, ilhali sababu yajulikana na dawa yapatikana?

Atasema mtu kuwa maneno haya ni upungufu wa subira. Twamjibu: subira ni ya lililokwisha pita. Mama yule hakuweza kuirudisha nyuma siku aliyoungua mwanawe. Hapo ndipo pahali pa subira. Lakini aliweza kumkinga mtoto wa jirani, na hapo ni pahali pa kazi. Nahodha wetu humtegemea Mungu, na hata hivyo hukitia chombo kalafati kabla ya kutweka tanga. Dhara ambalo watu walijua, na wanaweza kuliondoa, kisha wakaliacha, hilo ni dhima juu yao. Kuliondoa ni fardhi ya kifaya: asipotokea wa kuitekeleza, lawama hutuenea sote.

Basi na sisi wa mwambao tujitazame. Mama zetu wanakohoa majikoni, na mafundi wetu wa bati wako mitaani, na vijana wetu waliosoma sayansi wamekaa barazani wakingoja kazi za ofisini. Awezaye kuwakutanisha na awakutanishe. Na wa kuulizwa kwanza wawe mama hao, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.