Mruko wa Nani?

Katika kuruka kwa upondo, hata bingwa mara nyingi humaliza siku yake kwa kushindwa. Ukiuangusha mwamba mara 3 mfululizo, umetoka. Aliyewashinda wenzake wote bado huomba upandishwe, sentimita kwa sentimita, hadi naye auangushe. Ni mchezo unaokuonyesha dari yako kwa nambari.

Dari ya Greg Duplantis ilikuwa mita 5.80. Aliruka akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, Marekani, akaendelea baada ya masomo, akawa wakili. Kwenye Olimpiki hakuwahi kushindana. Halafu, nyuma ya nyumba yake mjini Lafayette, akatengeneza njia ya kukimbilia na kuweka godoro la kuangukia. Mwanawe Armand, yule tunayemwita Mondo, alianza kuruka hapo akiwa mtoto mdogo. Mwaka 2020 alivunja rekodi ya dunia kwa mita 6.17, kufikia Septemba 2025 alikuwa ameifikisha 6.30. Makocha wake ni baba na mama. Mama, Helena, ni Mswidi aliyekuwa mwanariadha pia, ndiyo maana Mondo hurukia Uswidi.

Hadithi tamu, sivyo? Sasa ondoa medali uitazame tena. Mtu ana ndoto iliyomkwama, anaijenga upya uani kabla mtoto hajajua kusema anataka nini. Si tunamjua mzee huyu? Ndiye yule aliyekosa udaktari kwa alama chache, na sasa kifungua mimba wake anaitwa “daktari” tangu darasa la pili. Huyu tunamlaumu. Kwa nini basi Greg tumpigie makofi? Ati kwa sababu mtoto alishinda? Hapo tutakuwa tumesoma matokeo tu, hatujasema lolote kuhusu haki.

Ila mzazi anayekataa kumfunza mtoto kile anachokijua, kwa kuogopa kumlazimisha, naye amemnyima kitu.

Mimi humtazama Antoine, kaka yake Mondo. Uani palepale, baba yuleyule. Yeye alichagua besiboli, akaichezea chuo kilekile alichosomea baba. Rekodi ya Mondo inapima ufundi wa kocha. Antoine ndiye anayetuambia kama lile godoro lilikuwa zawadi au deni, maana zawadi unaweza kuikataa na bado ukaketi mezani na wenzako.

Bado kuna jambo moja linanisumbua. Mtoto huona ni lini macho ya babake yanang'aa. Hakuna kocha anayeweza kulificha hilo, hata awe mpole namna gani, na sidhani kuna mtoto anayechagua kama vile hajaliona. Labda ndiyo maana napenda ile sekunde upondo unapokita kwenye kisanduku na kupinda. Kocha yuko kando, midomo wazi. Hata akipiga kelele, aliye hewani hawezi tena kumsikiliza.