UWANJA USIOFYEKWA, JE, NI UCHAFU?

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu: Uwanja ulio wa watu wote, kama ule wa mbele ya msikiti au makaburini, uliozoea kufyekwa hata majani yake yakawa mafupi kama zulia, je, yafaa kuuacha ukamea majani na maua ya asili ya nchi yetu? Na mwenye kuuacha hivyo, si mvivu mwenye kupinga amri ya usafi?

Twajibu, na taufiki ni ya Mwenyezi Mungu. Usafi ni katika dini, hapana shaka. Lakini tulichoamrishwa kukiondoa ni najisi, taka na kila chenye kudhuru, na jani bichi si katika hayo. Lau kumea majani kungalikuwa ni uchafu, mahali pa kwanza pa kufyekwa pangalikuwa ni Haramu ya Makka. Nasi twajua kwamba Mtume (S.A.W.) alipoifungua Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, alikataza kukatwa miti yake na majani yake mabichi. Ammi yake Abbas akaomba yavuliwe majani ya idhkhiri, ambayo watu wakiyahitaji majumbani na makaburini mwao, naye akayavua. Basi huko asili ni kuacha, na kukata kuliruhusiwa kwa haja. Hatusemi kwamba viwanja vya Mombasa au Lamu vina hukumu ya Haramu. Hilo halisemwi na mwenye elimu. Twasema tu kwamba jicho la Muislamu halikufundishwa na dini yake kuchukia jani refu.

Limefundishwa na nani basi? Desturi hii ilikuzwa na mabwana wakubwa wa Uingereza, waliotaka kuonyesha kwamba wana ardhi wasiyohitaji kuilima wala kulishia wanyama. Ikatufikia pamoja na nyumba za wakubwa wa serikali ya kikoloni, nasi tukadhani ndio ustaarabu. Na huko kwao sasa wapo walioanza kuiacha. Katika King's College, Cambridge, uwanja uliotandikwa majani mwaka 1772 ulitengewa sehemu ya kumea maua ya kondeni mwaka 2019. Wataalamu waliotoa hesabu yao mwaka 2023 walikuta aina za mimea, buibui na wadudu zimefika mara 3 ya zile za upande uliofyekwa.

Hatuleti habari hii iwe ndiyo hoja. Tulipoiga kufyeka hatukuuliza. Tukiiga kuacha bila ya kuuliza, tutakuwa tungali katika kuiga kule kule.

Hoja yetu ni kwamba viumbe hao Qur'ani imewahesabu kuwa ni umma kama sisi (al-An'am, aya ya 38). Na imesihi katika Bukhari na Muslim habari ya Nabii aliyeumwa na mdudu chungu, akaamuru maskani yao yachomwe moto. Mola wake akamlaumu kwa kuangamiza umma mzima wenye kumsabihi, na aliyemuuma ni mmoja tu. Wapo kati yetu wanaowasha moto makaburini wakati wa kiangazi, wala hawakuumwa na yeyote.

Hata hivyo, watu nao wana haki zao. Watoto wapate pa kuchezea. Njia ya msikitini na ya kuzuru makaburi iwe wazi, nyoka asijifiche mlangoni. Makopo yenye kushika maji ya mvua yaondolewe, kwani mbu huzaliana humo. Uwanja ukiwa ni wakfu, sharti la mwenye kuuweka litazamwe kwanza. Wala kuacha si kutelekeza: uwanja usioangaliwa kabisa huwa kichaka. Hufyekwa mara moja kwa mwaka, mbegu zikishakomaa na kuanguka, na majani akapewa mwenye punda au mbuzi.

Na yule mzee afyekaye kwa ujira, riziki yake isikatwe. Kung'oa magugu ya kigeni na kuangalia njia ni kazi vile vile, tena yahitaji ajuaye jani moja na jingine. Ama anayetaka kuuacha uwanja ili asimlipe, huyo hatukumtetea.