Kutoa Taarifa Si Kuhukumu

*Soma Esta 2:7, 11, 21–23, Mambo ya Walawi 5:1, Mathayo 18:1–17.*

Esta alikuwa yatima aliyelelewa na jamaa yake, Mordekai. Hata alipochukuliwa kwenda nyumba ya mfalme, Mordekai alipita kila siku mbele ya ua ili ajue hali yake. Kwake malezi hayakuishia kwenye chakula na mavazi.

Katika vijiji kama Chanzuru, wilayani Kilosa, wapo watoto wanaolelewa na bibi, shangazi au mama mdogo bila karatasi yoyote. Wengine hupokelewa kupitia ustawi wa jamii, kwa utaratibu ambao sheria huuita malezi ya kambo. Watoto hao wana hofu moja: mtoto akiumizwa ndani ya nyumba hiyo na akasema, huenda akakosa pa kulala. Kwa hiyo hunyamaza.

Chukua mfano huu. Binti wa miaka 11 anamwambia mwalimu wa darasa la watoto kwamba ndugu wa mama mlezi humfuata kitandani usiku. Mwalimu anampelekea habari mzee wa kanisa. Mzee ni mtu mwema. Anashauri Mathayo 18 ifuatwe: mhusika aonywe kwanza faraghani. Tena, anasema, shahidi ni mmoja, naye ni mtoto. Je, ushauri huo ni sahihi?

Aya ya 15 inamhusu ndugu aliyekosewa anayeweza kumkabili mwenzake. Mtoto hawezi kumkabili mtu mzima anayemtisha. Katika sura hiyohiyo, Yesu alikwisha kumweka mtoto katikati ya wanafunzi na kutoa onyo kali kwa anayewakosesha wadogo (aya ya 2–6). Aya ya 15 haikutolewa ili kumficha mtu wa aya ya 6.

Na mashahidi wawili? Kumbukumbu la Torati 19:15–18 inahusu kuthibitisha hatia, nayo inawaagiza waamuzi wachunguze kwa bidii. Uchunguzi hauanzi pasipo mtu kusema. Mordekai aliposikia njama dhidi ya mfalme, alimwambia Esta. Esta akamwambia mfalme kwa jina la Mordekai. Jambo likachunguzwa, likaonekana kweli. Mordekai alipeleka habari mahali panapostahili, na hukumu ikawa kazi ya wengine. Hapo ndipo taarifa inapotofautiana na umbeya, ambao huzunguka kwa kila mtu isipokuwa mwenye mamlaka ya kumlinda mtoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa haki ya mtoto inapovunjwa. Wajibu huo si wa jambo la nadra. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikia miaka 18.

Basi mwalimu afanye nini? Amsikilize mtoto bila kumhoji sana, wala asimwahidi kwamba itabaki siri. Aandike maneno yake kama alivyoyasema, na tarehe. Mtoto apelekwe kwenye matibabu upesi, bila kuogeshwa wala nguo zake kufuliwa. Taarifa ifike siku hiyohiyo kwa afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kijiji, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au simu namba 116. Mtuhumiwa asidokezwe. Vilevile mlezi ambaye mtoto wake ameungua au ametoroka, hata kwa bahati mbaya, aseme mapema. Kuchelewa huzaa shaka.

Bado kuna gharama. Mama mlezi ataumia, na huenda binti akahamishwa. Gharama hiyo ni ya kweli, lakini mtoto asiachiwe kuilipa kwa ukimya wake. Kanisa linaloogopa kwamba atakosa pa kulala limekwisha kuiona kazi yake: nyumba salama atakayoridhia afisa wa ustawi, chakula, na mtu wa kuambatana naye hadi mahakamani.

Maswali ya kujadili

1. Kusamehe na kutoa taarifa vinatofautianaje? Je, mtu mmoja aweza kufanya vyote viwili?

2. Katika kanisa lenu, mtoto anayelelewa na wasio wazazi wake angemwambia nani? Je, yeye anamjua mtu huyo?