Mkate wa Watu Wenye Haraka

Somo: Kutoka 12, 31–39



Mwezi huu twataka kusema juu ya chungu na mafiga. Tulipokuwa Masumbwe, katika wilaya ya Mbogwe, mama mmoja wa usharika alitungoja nje baada ya ibada. Kazi yake ni kuponda mawe ya dhahabu kwa nyundo, karibu na makarasha. Hutoka nyumbani alfajiri, naye hurudi jua limekwisha kuchwa. Akatuambia: "Baba Mchungaji, mimi nimekuwa mama wa kiporo. Watoto wangu asubuhi hula ugali wa jana, mchana hula kwa mama lishe, nami usiku nawachemshia michembe, basi. Mama yangu alipika mara mbili kila siku, akaketi nasi tukila. Mimi sipiki. Nikifika mahali pa kuomba riziki katika Sala ya Bwana, kinywa changu chanyamaza." Tena mzee mmoja alikuwa amemwambia ya kuwa mwanamke asiyewapikia watoto wake hafai kukaribia Meza ya Bwana. Basi kwa miezi mitatu hakuikaribia.

Sisi tuliingiwa na haya. Miezi mitatu mtu amekaa na njaa mlangoni pa nyumba ya chakula, wala hakuna katika sisi aliyemwuliza sababu.

Hebu tusome pamoja habari za usiku ule katika Misri. Farao amwita Musa usiku, awafukuza watu. Wamisri nao wawahimiza watoke upesi. Wanawake wa Israeli walikuwa wamekwisha kukanda unga, nao haujaumuka. Wakaufunga pamoja na vyombo vya kukandia katika nguo zao, wakaubeba mabegani, wakaenda. Walipotua Sukothi wakauoka vivyo hivyo, ukawa mikate mikavu. Ni kweli, Bwana alikuwa amekwisha kuagiza mkate usiotiwa chachu; lakini mwandishi atoa na sababu nyingine, iliyo ya jikoni kabisa: hawakupata nafasi ya kukawia, wala hawakuwa wamejitengenezea chakula cha njiani.

Mama mwenye aibu angaliweza kulia kwa mkate ule. Kwake nyumbani Gosheni alijua kuoka mkate ulioumuka vizuri, na sasa awapa watoto kitu kigumu kama gome. Walakini Musa hakuwaita wanawake wale watubu. Kinyume chake, chakula kile cha haraka kiliagizwa kiliwe mwaka hata mwaka, na mtoto akiuliza sababu, baba ampe habari ya wokovu. Karne nyingi zikapita. Hata siku za mkate huohuo zilipofika, Bwana Yesu akaketi na wanafunzi wake Yerusalemu, akautwaa, akashukuru, akaumega. Basi mkate wa Meza ile aliyokatazwa mama yetu wa Masumbwe asili yake ni mkate wa watu waliokosa nafasi ya kupika! Tulipomweleza haya akatutazama kitambo, kisha akacheka kidogo, kama mtu aliyeambiwa ya kuwa deni lake halikuandikwa kamwe.

Na kiporo je? Katika sura ya 16 ya kitabu hichohicho mana iliyowekwa hata asubuhi iliingia mabuu, isipokuwa siku moja. Siku ya sita watu walioka na kutokosa, wakaweka akiba, na siku ya Sabato wakala chakula cha jana, nacho hakikunuka. Bwana mwenyewe alikilinda kiporo kile, ili watu wake wapumzike. (Sisi hatukuahidiwa mwujiza huo kwa maharage, kiporo chetu kifunikwe vema, tena kichemshwe hata kitokote kabla ya kuliwa.)

Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alieleza ombi la riziki kwa upana sana: akahesabu humo nguo, nyumba, shamba, serikali njema, hali njema ya hewa, hata majirani waaminifu. Basi jirani amwangaliaye mtoto wa mchimbaji jioni ni sehemu ya riziki ya mtoto yule, na mama lishe kando ya barabara ya Kahama, amwekeaye sahani ya wali na maharage, ni mkono wa Mungu vilevile. Mama hajashindwa kwa kuwa mkono ulioshika mwiko si wake. Mkewe Luther, Katharina von Bora, alikuwa na watoto sita, na nyumba iliyojaa wanafunzi na wageni. Alipika pombe ya shayiri, akafuga nguruwe, akasimamia na shamba la Zülsdorf lililo mbali na Wittenberg. Mwanamke wa namna hiyo hakuketi kila siku kando ya chungu.

Hapa tuna neno kwa akina baba. Mwaka 1522, katika kitabu juu ya ndoa, Luther aliandika ya kuwa baba akifua nepi za mtoto wake kwa imani, watu wamcheke wapendavyo, Mungu na malaika wake wafurahi. Na katika Yohana 21 Bwana aliyefufuka awasha moto wa makaa ufuoni, aoka samaki, awaita wavuvi waliofanya kazi usiku kucha waje wale. Kama Bwana wa mbingu aliwapikia watu waliochoka, mwanamume aliyerudi kutoka duarani kabla ya mkewe aweza kubandika chungu. Wako waume Masumbwe wafanyao hivi, lakini hufunga mlango kwanza wasionekane.

Wala hatusemi ya kuwa hatia haiko kabisa katika habari ya kulisha nyumba. Iko, nayo twaitafuta mahali pasipo pake. Wengine wachoma zebaki ndani ya nyumba, hata katika kikaango kilekile cha mboga. Zebaki ikipata moto yageuka mvuke usioonekana, yaingia kwa pumzi, yaharibu ubongo na neva. Watoto wadogo na mimba ndio waumiao zaidi. Kule Minamata, nchi ya Japani, zebaki ya kiwanda ilitiwa baharini, ikaingia katika samaki, na ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1956 watoto walikuwa wameonekana wamepooza. Mkataba uliopewa jina la mji huo uliridhiwa na Tanzania mwaka 2020. Wachimbaji, yachomeni mambo hayo mbali na watu, kwa chombo cha kuunasa mvuke, na nguo za kazi zisiingie jikoni. Mtoto aliyekula michembe mikavu usiku hakudhurika. Aliyelala karibu na kikaango kile amedhurika.

Tena iko hatia ya kumtoa binti shuleni ili apike badala ya mama. Twajua neno hili ni zito, maana mara nyingine mama haoni njia nyingine, na anayelaumu hajapata kuponda jiwe. Lakini tukiogopa kiporo kuliko kuogopa kukata masomo ya binti, tumeshika mizani kichwa chini. Sharika na zisaidie hapo: wazee wa kanisa waulize ni nyumba gani ambayo msichana haonekani tena darasani, wakae na wazazi, watafute jirani.

Makatekista, mkizuru nyumba jioni, msiulize kwa nini moto haujawaka. Chukueni kuni. Na kwa habari ya michembe, babu zetu wa nchi hii, Wasumbwa na Wasukuma, hawakuikausha kwa uvivu. Walijua ya kuwa siku za kazi nyingi zaja, wakavikata viazi wakati wa mavuno, wakavianika juani. Matobolwa, yaliyochemshwa kabla ya kuanikwa, hayahitaji hata moto. Yakiliwa na karanga yashibisha sana.

Jumapili iliyofuata mama yule alikuja mbele pamoja na wengine, akapokea. Jioni alitualika kwake. Watoto walikuwa wanne, na chungu kilikuwa cha michembe iliyochemshwa na karanga za kutwangwa. Akauliza kwa sauti ndogo kama chakula hiki kiombewe kama wali wa sikukuu. Mtoto wake wa pili, ambaye hakungoja jibu letu, alikuwa amekwisha kufumba macho na kuanza kuomba.