Okidi Yako Ilitoka Wapi?

Anayenunua okidi kwa mara ya kwanza huuliza jambo moja: nimwagilie mara ngapi kwa wiki? Ni swali la mtu mwenye nia njema, lakini halijibiki mpaka ijulikane ana okidi ipi. Duniani zimetambuliwa aina zaidi ya 25,000. Zipo zinazoota ardhini, zipo zinazoshikilia matawi ya miti na kuning'iniza mizizi hewani, na zipo zinazokaa juu ya mawe matupu. Hata vanila tunayotia kwenye keki ni tunda la okidi itambaayo. Mimi naamini huwezi kulitunza ua hili vizuri kabla ya kujua kwao ni wapi.

Chukua falenopsisi, ile ya majani mapana yenye shina refu lililopinda kwa maua, ambayo siku hizi hupelekwa kama zawadi kwa wagonjwa na maharusi. Asili yake ni misitu ya joto ya Asia, ambako hukaa kwenye magogo ya miti chini ya kivuli. Mvua huilowesha, kisha upepo huikausha mizizi. Ukiipanda kwenye udongo wa bustani mizizi hukosa hewa na kuoza, na hapo wengi huona majani yamelegea wakadhani ina kiu, wakaongeza maji. Ipandwe kwenye vipande vya magome ya mti vilivyochanganywa na mkaa, katika chungu chenye matundu. Mizizi yenyewe hutoa habari: ikiwa na maji huwa ya kijani, ikikauka hugeuka rangi ya fedha. Mwagilia asubuhi, acha maji yachuruzike yote, wala yasituame katikati ya majani. Iweke karibu na dirisha lenye pazia jepesi.

Maua yake hukaa miezi miwili, hata mitatu. Yakipukutika, watu huitupa. Hilo huniuma, kwa sababu mmea uko hai kabisa. Umepumzika tu, unakuza majani na mizizi, na baada ya miezi kadhaa unaweza kutoa shina jingine la maua. Tumezoea kukipenda kitu siku zile kinapotupendeza, na okidi muda mwingi wa maisha yake ni majani matupu.

Kuna mama mmoja Tanga ambaye okidi zake za aina ya vanda zimening'inia barazani kwenye vikapu vya mbao, bila udongo wala magome. Nilipomuuliza zinakula nini, alinijibu, "Mwanangu, hizi zinataka jua la asubuhi, upepo na maji kila siku. Ukizifunika mizizi umeziua." Anaziloweka alfajiri kabla ya kuchemsha chai. Joto la pwani na unyevu wa bahari vinazifaa vanda kuliko baridi ya nyanda za juu. Mkazi wa Njombe au Lushoto afadhali atafute simbidiamu, ambayo huhitaji usiku wa baridi ili ichanue na hapa pwani ingemsumbua mwenyewe bure.

Lakini kujua kwao okidi kunatufikisha pia mahali pazito. Juu ya Kitulo, uwanda ulio kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, zimeorodheshwa aina 45 za okidi za ardhini. Eneo hilo lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kwa sababu ya maua yake hasa. Okidi hizo huhifadhi chakula kwenye viazi vidogo chini ya udongo, na viazi hivyo vimekuwa vikichimbwa nyanda za juu kusini na kupelekwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda. Simlaumu mama wa kijijini anayechimba ili mtoto aende shule. Ila kiazi kikishang'olewa, mmea umekwisha.

Na kuzaliana si jambo jepesi kwake. Tunda moja la okidi linaweza kubeba mbegu laki kadhaa, laini mithili ya vumbi, zisizo na akiba ya chakula. Porini mbegu haioti mpaka ikutane na kuvu anayeilisha. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu zinaweza kuoteshwa ndani ya chupa kwa sukari na madini, bila kuvu, na njia hiyo ndiyo iliyofungua milango ya vitalu vya leo. Kwa hiyo hakuna haja tena ya mtu kubandua anselia, okidi yetu ya manjano yenye madoa ya kahawia, kutoka kwenye mti wa porini ili kupamba sebule.

Ukisimama mbele ya muuza miche, muulize okidi yake ameipata wapi, kisha uitazame mwenyewe. Iliyokulia kitaluni huwa na mizizi iliyojizungusha ndani ya chungu na majani yaliyo safi. Iliyoletwa kutoka porini huwa na mizizi iliyokatwakatwa, vipande vya gome la mti ilikobanduliwa, na majani yaliyochakaa kwa jua na wadudu. Hiyo ya pili usiinunue, hata akupunguzie bei, kwa sababu ukiinunua leo kesho atakwea mti mwingine.