Merikani

Bibi yangu hakuwahi kusema kitambaa cheupe. Alisema merikani. "Nenda kwa fundi pale Mikindani, mwambie bibi anataka merikani mikono minane, ya foronya." Baba yake alikuwa nahodha wa mashua, na bibi alikua akiwaona wanaume wamekaa kivulini wanashona tanga la merikani kwa sindano nene. Nilipofika darasa la tano mwalimu akatundika ramani ya dunia, nikaona neno Marekani limeandikwa juu ya nchi kubwa upande wa kushoto. Nilishangaa kweli. Nilidhani nchi ile imepewa jina la kitambaa cha bibi.

Nilicheka kosa langu kwa miaka mingi. Siku hizi silicheki sana, kwa sababu kwa watu wengi wa pwani hii na wa bara nyuma yake, kitambaa ndicho kilichofika kwanza.

Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said. Mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem huko Massachusetts, alifika Unguja. Meli za Salem zilileta majora ya pamba isiyotiwa rangi, imara na nzito, zikaondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikapasuliwa kuwa vipande vyembamba vya kubandikwa kwenye vinubio vya piano. Sandarusi ilichemshwa kuwa vanishi. Na merikani ikaingia bara, ikawa nguo na ikawa fedha. Mpagazi alilipwa merikani, hongo ya kupita kwa mtemi ilitolewa kwa merikani, na mtu pia alinunuliwa kwa merikani.

Sasa tukirudi nyuma hatua moja: pamba ile ilitoka wapi? Ilisokotwa na kufumwa katika viwanda vya Massachusetts, lakini ililimwa Kusini mwa Marekani na watu waliomilikiwa. Mtumwa wa Alabama alichuma pamba iliyofumwa kitambaa kilichokuja kumnunua mtumwa wa Ruvuma. Nimeandika sentensi hiyo mara nyingi katika madaftari yangu na bado sijaizoea.

Waters mwenyewe alikuwa mtu wa dini, na shajara yake inaonyesha kwamba utumwa ulimchukiza. Hata hivyo alifanya biashara bega kwa bega na Jairam Shivji, aliyekodisha forodha ya Sultani. Forodha ile ilitoza ushuru pembe na sandarusi, na ilitoza ushuru watumwa pia. Jioni Waters aliandika shajara. Asubuhi alifungua daftari la hesabu. Mkono ulikuwa mmoja.

Haya niliyasoma chuoni, Dar es Salaam, katika muhula uleule niliosoma fasihi ya Marekani. Kabla ya hapo Marekani niliyoijua ilikuwa ya kibanda umiza: benchi la mbao, tivii moja, jasho, na filamu ambamo steringi hafi. Kule tulijifunza kwamba dunia ina steringi na maadui, na kazi ya mtazamaji ni kujua upesi nani ni nani. Hakuna aliyetuuliza nani alishona shati la steringi.

Kisha nikakutana na Henry David Thoreau. Mwezi Julai 1846 alilala usiku mmoja katika jela ya mji wake wa Concord, Massachusetts, kwa kukataa kulipa kodi kwa dola iliyolinda utumwa na kupigana vita na Mexico. Mwaka 1849 akachapisha insha juu ya jambo hilo, ambayo baadaye Gandhi na Martin Luther King waliisoma. Moja ya hoja zake ni hii: mtu halazimiki kutumia maisha yake kuondoa kila dhuluma duniani, maana ana mambo mengine ya kushughulikia, lakini analazimika angalau kunawa mikono yake na kutoichangia dhuluma hiyo.

Nilipenda hoja hiyo kama kijana anavyopenda kitu kinachompa heshima kwa bei nafuu. Kisha nikasoma Walden, kitabu chake cha 1854. Anaeleza treni inayopita karibu na ziwa alipojenga kibanda chake, jinsi inavyopandisha pamba na kushusha kitambaa kilichofumwa. Aliisikia kila siku. Thoreau aliwasaidia watumwa waliotoroka, na ujasiri wake siubezi hata kidogo. Lakini pamba ile ilikuwa na mwanzo wake, na kitambaa kile kilikuwa na mwisho wake, na huenda kipande kimoja kilifika bandari ya Mikindani. Mtu anaweza kukataa kodi. Je, anaweza kukataa shati?

Kuna waliojaribu. Lucretia Mott wa Philadelphia na mumewe James waliikataa pamba ya watumwa, na James akaacha kuuza pamba akageukia sufu. Frances Harper, mshairi mweusi aliyezaliwa huru Baltimore mwaka 1825, aliandika shairi zima juu ya gauni lisilobeba jasho la mtumwa. Waliofuata njia hiyo walinunua vitu ghali na mara nyingi vibaya, na harakati yao haikuvunja utumwa. Uliovunja utumwa kule ni vita, na vita hiyohiyo, kati ya 1861 na 1865, ilikata pamba, merikani ikaadimika huku kwetu, na kitambaa cha viwanda vingine kikachukua nafasi yake. Jina likabaki. Kitambaa cha bibi hakikuwa kimetoka Marekani hata kidogo.

Hapo ningeweza kuandika insha nzuri ya chuo, nikapata alama, nikawahukumu Waters na Thoreau kutoka kwenye kiti cha maktaba. Shida ni kwamba najua daftari jingine la hesabu, na hati iliyomo ni yangu.

Mjomba wangu alikuwa mtu wa kangomba. Kwa msomaji asiyetoka Kusini: korosho huvunwa kuanzia mwezi wa kumi hivi, na mkulima hulipwa baada ya mnada kupitia chama cha msingi. Lakini njaa haisubiri mnada. Wakati wa masika akiba imeisha, mtoto ana homa, salfa ya kupuliza mikorosho inahitajika. Hapo anakuja mtu na fedha taslimu. Anakupa kidogo leo, msimu ukifika anachukua korosho zako kwa bei ya leo. Serikali imeikataza biashara hiyo, kila mtu anajua imekatazwa, na kila mtu anajua nani anaifanya.

Likizo ya Aprili 2017 nilikuwa kidato cha tano. Mjomba hakuwa mwepesi wa kuandika, nami nilikuwa na hati nzuri. Nilikaa naye barazani katika kijiji chetu, njia ya kwenda Kilambo, watu wakija mmoja mmoja. Jina. Fedha aliyochukua. Kilo atakazoleta. Mama mmoja jirani yetu alichukua shilingi 40,000, mtoto wake anaumwa. Niliandika mbele ya jina lake: kilo 40. Msimu ule mnadani bei ilipita shilingi 3,000 kwa kilo. Mimi nilikuwa nimerudi shule, na ada, nauli na godoro vililipwa na mjomba.

Mwaka uliofuata, Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300, jeshi likaja kubeba magunia, na wahakiki wakapita vijijini kutafuta korosho za kangomba. Mjomba aliyagawa magunia yake kwa majina ya ndugu. Jina la mama yangu lilikuwemo. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni na niliambiwa kwa simu, kwa kicheko. Nami nikacheka.

Mjomba alifariki mwaka 2021. Katika mazishi, kama ilivyo desturi, msemaji wa familia alisimama kabla ya kuondoka makaburini akatangaza: anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, deni lisimfuate. Nilisimama upande wa wanawake nyumbani nikasimuliwa baadaye kwamba hakuna aliyejitokeza. Watu walisema hilo kwa sifa: marehemu hakuwa na deni la mtu.

Nililala na sentensi hiyo. Ilikuwa kweli kabisa kwa hesabu ya daftari. Katika daftari lile hakuna mtu aliyemdai mjomba, wote walidaiwa naye. Mimi mwenyewe niliandika hivyo. Ndivyo daftari linavyofanya kazi: linaamua mapema nani atakayeweza kuitwa mdai. Sina shaka daftari la Waters nalo lilikuwa safi, kila jora na bei yake.

Toka siku hiyo nimeacha kuipenda hoja ya kunawa mikono. Kwanza, anayenawa anajitazama mwenyewe. Anauliza, je, mimi ni safi? Yule mama aliyeleta kilo 40 hana faida yoyote na usafi wangu. Pili, maji hayapo. Elimu iliyonifundisha kuiona dhuluma ililipwa na dhuluma hiyo. Siwezi kuirudisha kidato cha tano. Livingstone, aliyeshuka Mikindani Machi 1866 na miezi michache baadaye akamkuta njiani mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa, alianza maisha akiwa mtoto wa miaka kumi katika kiwanda cha pamba huko Uskoti. Kama tungesubiri mtu ambaye nyuzi hizi hazijamgusa, hakuna ambaye angesema neno.

Najua hoja ya upande wa pili. Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye, aliniambia: ukisema kila mtu ana hatia, hakuna mwenye hatia. Anayemfunga mtu kwenye mti na anayenunua foronya hawawezi kuwekwa kikapu kimoja. Ana haki. Mimi si mjomba, na mjomba hakuwa mwenye msafara wa watumwa. Ndiyo maana nadhani neno hatia halitusaidii hapa, na neno deni linatusaidia. Hatia ni moja, ama unayo ama huna. Deni lina kiasi, lina jina la mtu, na linaweza kupungua. Mtu anaweza kurithi deni bila kufanya kosa, na mila zetu zinalijua hilo vizuri kuliko vitabu nilivyosoma: ndiyo sababu msemaji husimama pale makaburini.

Mwaka juzi nilienda kwa yule mama. Nilibeba bahasha yenye shilingi 80,000, tofauti ya kilo 40, bila kuhesabu makato.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona hivi, na bahasha, kuna harusi?"

Nilimweleza, vibaya, kwa maneno mengi. Nilitegemea mawili: atalia au atakataa. Hakufanya hata moja. Alihesabu fedha, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Hii ya korosho umelipa," alisema. "Mjomba wako alinipunja, nilijua siku ileile. Lakini usiku ule mtoto anawaka homa, wa chama hakuja, ndugu zangu hawakuja, yeye alikuja na pikipiki. Hilo nalo liandike."

Nikasema nitaliandika. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wale wengine?"

Katika daftari kuna majina 31 mengine. Sikuwa na jibu, na sina mshahara wa jibu hilo. Nilimwambia kweli, kwamba sijui. Alitikisa kichwa kama mtu anayepokea malipo ya awamu ya kwanza. Kisha akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi: stakabadhi za chama cha msingi za misimu minne, zimekunjwakunjwa. "Basi nisomee hizi. Wanasema makato, makato. Makato gani?"

Tulikaa mkekani mpaka alasiri. Ushuru huu, ushuru ule, usafiri, magunia. Niliandika kila kitu katika daftari jipya, safari hii jina lake likiwa upande wa mdai. Palipokuwa na tarakimu nisiyoielewa niliweka alama, na Jumatatu tulikwenda wote ofisini kuuliza. Mbili zilielezwa. Moja bado tunaifuatilia.

Wiki iliyofuata walikuja majirani wawili na mifuko yao. Mmoja jina lake limo katika lile la zamani, kwa hati yangu. Hakulitaja, nami nilimtajia.