Maumivu ya Mtoto Njiti na Haki ya Kushikwa

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito, huchomwa sindano mara nyingi katika siku zake za mwanzo: kisiginoni kutolewa damu, mkononi kuwekewa dripu. Hawezi kusema anaumia, na akikua hatakumbuka. Je, maumivu yasiyosimuliwa wala kukumbukwa yanamdai mtu mwingine chochote?

Kwa muda mrefu utabibu ulijibu kana kwamba hayadai. Hadi miaka ya 1980, hata katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, njiti wengi walipasuliwa kwa dawa ya kulegeza misuli bila dawa ya kutosha ya maumivu, kwa imani kuwa neva zao bado changa mno kuhisi. Mwaka 1987 Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford walionyesha kwamba waliopewa dawa ya maumivu miili yao ilipata mshtuko mdogo na madhara machache. Uwezo wa kuumia tayari upo. Kinachochelewa kukomaa ni uwezo wa mwili kujituliza. Basi asiyeweza kujituliza ana haki ya kutulizwa na wengine.

Dini mbili za mwambao wa Kigoma, Tanzania, yaani Uislamu na Ukristo, hazikungoja ushahidi huo. Hadithi inasimulia Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan mbele ya mtu aliyekuwa na watoto kumi na hajawahi kumbusu hata mmoja, naye akaonywa kuhusu kukosa huruma. Katika Injili, Yesu anawawekea mikono watoto ambao wanafunzi walitaka kuwazuia. Kote kuwili mtoto hatakiwi kwanza athibitishe kwamba anaelewa.

Hata hivyo nia njema haitoshi. Ngozi ya njiti ni nyembamba, na kumpapasa ovyo humchosha. Linalofaa ni kumshika kwa utulivu: kiganja kimoja kichwani, kingine kikiikunja miguu yake, mpaka sindano itoke. Kumlaza kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, nako hupunguza dalili za maumivu. Matunzo haya ya kangaruu yalianzia Bogotá mwaka 1978. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021, Tanzania ikiwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki, ulionyesha kuwa kuyaanza mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo kwa robo miongoni mwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Kwa upande mwingine, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2024 haukuona kwamba mzazi kumpapasa mtoto kabla ya kuchomwa kisigino kunapunguza mwitikio wa ubongo wake. Mguso una mipaka, na ni haki kuisema.

Mipaka hiyo ina uzito Mwamgongo, kijiji kilicho kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, ambako wengi hufika Kigoma mjini kwa boti. Njiti anayepelekwa Hospitali ya Maweni kwa njia hiyo hupata joto lake kifuani mwa mama, ndani ya kitenge. Joto hilo ni tiba kamili kwa sehemu yake, wala si tiba ya maskini. Lakini lisifanywe kisingizio cha kumnyima dawa ya maumivu anapoihitaji, wala dawa isifanywe sababu ya kumtoa mama wodini. Mtoto anadai vyote viwili.